Sura Ambayo Haimo Kitabuni

Wiki iliyopita niliishia kwenye moto. Wengi mmeniuliza kama nyumba iliungua. Haikuungua. Liliungua pazia la jikoni na moyo wa mume wangu, na pazia tulinunua jingine.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni mpiga pasi kwa dobi, mume wangu ni fundi wa lifti, na mama yake anaishi kwetu tangu macho yalipomfifia. Mwanzoni mimi na mama mkwe tuligombana kwa kila kitu, kuanzia chumvi mpaka sauti ya redio. Aliyetupatanisha hakuwa mume wangu wala ndugu. Ni kundi la kusoma vitabu kwenye simu. Tulikuwa tumeanza kucheka pamoja, mimi na yeye, pale aliposahau sufuria jikoni na pazia likashika moto. Mume wangu alizima kwa ndoo, akasimama kwenye maji akasema, "Hili sasa basi."

Nilidhani anasema moto.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana nimechoka kuyabeba peke yangu.

Kundi letu linaitwa Sura kwa Sura. Wengi hatujawahi kuonana. Kiongozi ni Mwalimu Mstaafu, na kitabu ni chake, nakala moja iliyochakaa ambayo hata madukani haipo tena. Kila wiki anapiga picha kurasa za sura moja na kumtumia mtu mmoja tu, msomaji wa wiki hiyo. Huyo anasoma kwa sauti, anajirekodi, anatuma kundini. Sisi wengine kazi yetu ni kutega masikio na baadaye kubishana.

Hakuna anayejua yaliyo mbele isipokuwa Mwalimu. Ndiyo raha yake. Na ndiyo maana mama mkwe aliweza kuwa mwanachama sawa na wenye macho, tena mwanachama mkali. Simu yake inamsemea kila anachogusa, na yeye hujibu kwa sauti.

Halafu kuna sheria ya Mwalimu: husomi kama unayesoma tangazo la kazi. Unaigiza. Fundi Saa, anayetengeneza saa za mkononi, wiki yake alimleta binti yake asome maneno ya msichana. Nesi alisoma maneno ya mgonjwa akakohoa mpaka tukamwandikia pole.

Hadithi yenyewe inamhusu mfanyabiashara wa mbao, mkewe, na mama yake mzee anayetembea na funguo za nyumba nzima kiunoni. Sura ya tisa iliniangukia mimi.

Siku hiyo nilirudi kazini miguu imevimba. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti sebuleni. Nikaingia chumbani, nikaegemeza simu kwenye rundo la nguo safi, nikashika zile kurasa nilizochapishiwa dukani, nikaanza kurekodi. Nikasoma vizuri mpaka pale mfanyabiashara anaporudi nyumbani, anaingia chumbani na kuvua viatu.

Mume wangu akarudi nyumbani, akaingia chumbani, akavua viatu.

Nikabonyeza simu isimame. Sasa mjue jambo moja kuhusu sisi wapiga pasi: ncha za vidole vyetu zimekaushwa na joto, ngozi imekuwa ngumu. Mara nyingi simu haivitambui. Unabonyeza, nayo inaendelea na shughuli zake.

"Mama yuko wapi?" mume wangu akauliza.

"Amesinzia sebuleni."

"Funga mlango."

Nikafunga.

"Nimeongea na dada. Kuna nyumba ya kulelea wazee karibu na kwake. Wamesema wanampokea. Alhamisi nampeleka."

"Mama amekubali?"

"Hajui. Nitamwambia anakwenda kufanyiwa operesheni ya macho."

"Baba watoto! Si daktari alisema macho hayo hayarudi tena?"

"Alituambia mimi na wewe. Yeye hajaambiwa."

"Kwa hiyo unamdanganya mama yako mzazi?"

"Unataka nimwambie nini? Nikimwambia ukweli ataushika mlango huu kwa mikono miwili, unamjua. Juzi nusura tuungue! Na wewe si ndiye uliyelia hapa, ukasema mgongo umekufa, kutwa umesimama na pasi, ukirudi unamlinda mtu asijichome? Leo umekuwa wakili wake?"

Mgongo kweli ulikuwa umekufa. Watoto wako bweni, ndugu wa mume wote wana sababu nzuri za kutofika, na mimi nilikuwa sijakaa chini tangu alfajiri. Nikasema maneno ambayo nitayasikia mpaka nitakapozikwa.

"Basi mpeleke. Nimechoka. Mwambie unachotaka, mimi sitasema kitu."

Akaenda kuoga. Nikafuta machozi, nikabonyeza simu iendelee. Kidole hakikutambuliwa tena, lakini kioo kilionyesha inarekodi, nikaridhika. Nikamalizia kurasa zilizobaki na kwikwi zangu, nikatuma, nikaenda kupika.

Kesho yake, saa ya mapumziko, nikafungua simu nione wamesemaje. Simu ilikuwa imejaa.

Nesi aliandika: "Jamani, sura hii imenikata maini! Msomaji, huyo mwanamume umemtoa wapi? Anaigiza kama kweli!"

Fundi Saa: "Kumbe yule mama mzee ni kipofu? Mbona sura zote hizi hatukuambiwa?"

Mwingine akamjibu: "Mwandishi alificha makusudi. Huo ndio ufundi."

Sikuelewa. Nikasogeza chini.

Nesi tena: "Mume simlaumu sana, mume ni mwoga tu. Aliyeniudhi ni mke. Eti mpeleke, mimi sitasema kitu. Huyo ni mtu kweli?"

Fundi Saa: "Alitakiwa kusema hapana. Neno fupi kuliko yote. Kalimeza."

Hapo nikaelewa. Nikaisikiliza rekodi yangu mwenyewe simu ikiwa sikioni, nikamsikia mume wangu anavua viatu, nikamsikia anauliza mama yuko wapi. Sauti zetu zilikuwa safi kabisa, kama za redio.

Kengele ya kurudi kazini ililia na mimi bado nasoma. Nikashika pasi kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Watu nisiowajua walikuwa wananihukumu mstari kwa mstari, tena kwa haki, na sikuwa na pa kujitetea, maana mimi kwao sikuwepo. Alikuwepo mke wa mfanyabiashara wa mbao.

"We mama, unachoma!" mwenye duka akapiga kelele.

Koti la mteja lilikuwa na alama ya pasi mgongoni. Akaninyang'anya pasi mbele ya wenzangu, akanipeleka nyuma kukunja mashuka. Wenzangu wakadhani nalia kwa sababu ya koti.

Nikiwa kwenye mashuka, simu ikaita. Mwalimu Mstaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nina kitabu hapa mbele yangu. Sura ya tisa wanagombania funguo za ghala. Sioni kipofu. Sioni operesheni."

Nikaanza kukunja upya shuka lililokwisha kukunjwa.

"Kumbe nimekisia sawa," akasema taratibu. "Pole."

"Futa, Mwalimu. Nakuomba sana, futa."

"Nikifuta wataanza kuuliza kwa nini, na mwenye akili ataelewa. Tena mwenye kuhusika ameshasikia. Ametuma sauti tangu asubuhi."

"Nani?"

"Mama mkwe wako. Hujamsikiliza?"

Nilikuwa nimesoma maandishi tu, sauti nimezipita. Nikarudi juu, nikaikuta. Nilikwenda kuisikilizia chooni, nimejifungia. Sauti yake ilikuwa imetulia, haina hasira wala kilio.

"Wanangu, msimsakame sana huyo mke. Ninyi mmekaa mnasikiliza, yeye anafua na kupika. Mtu akichoka sana husema lolote ili mradi apumzike. Hilo mimi namsamehe. Ila huyu mwandishi amemwonea mama mzee. Kampa upofu, kampa safari, hakumpa hata neno moja la kusema. Mnamjadili wote, na yeye yuko kwenye kiti sebuleni, kimya. Mimi ningependa kumsikia yeye."

Chini yake watu walikuwa wameweka mioyo na mikono ya kupongeza. Nesi aliandika, "Bibi, wewe ndiye mhakiki wetu!"

Ndugu zangu, je, alijua? Nilijiuliza njia nzima. Labda kweli aliona ni hadithi, kama wenzake. Fundi Saa si mjinga na alidanganyika. Nesi si mjinga. Lakini hao hawajamzaa mume wangu.

Nikamkuta amekaa kitandani kwake, anakunja nguo zake kwa kupapasa mishono, anazipanga vizuri kuliko mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo.

"Umerudi, mwanangu?"

Akikasirika huniita mke wa mwanangu. Akifurahi, mwanangu. Nilihema.

"Nimerudi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sura yako imewachanganya watu."

"Ahsante, Mama."

"Yule aliyesoma sehemu ya mume ni nani?"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, ilikuwa kuingia tu.

"Ni... mtu wa kazini kwetu."

Ona sasa. Uongo wa mume wangu nilikuwa nimeuunga mkono kwa kukaa kimya. Huu niliutunga mwenyewe, na ulinitoka haraka kuliko ambavyo ukweli ungenitoka.

"Ana sauti nzuri," akasema. "Kama ya marehemu baba mkwe wako alipokuwa kijana."

Akaendelea kukunja nguo.

"Mwanao amenipa habari njema asubuhi," akasema tena.

"Mwanangu gani, Mama?"

"Mumeo. Nimekosea, siku hizi nawachanganya. Amesema Alhamisi tunakwenda kwenye operesheni. Kanikumbatia, akatetemeka. Furaha, nadhani. Hebu niwekee miwani yangu ya kusomea kwenye begi. Nikirudi kutoka huko, sura zijazo nasoma mwenyewe."

Nikaitafuta miwani kwenye droo. Niliifuta vioo, nikaiweka kwenye begi katikati ya kanga zake. Sijui niliwaza nini nilipokuwa naifuta. Aliye kipofu wa kudumu, mimi namfutia vumbi kwenye vioo.

Mume wangu alipoingia nilimvutia uani.

"Mama amesikia," nikamwambia. Nikamweleza yote, kidole, simu, kundi.

Akakaa juu ya ndoo. Akawaza. Kisha akatingisha kichwa.

"Hajasikia. Angesikia asingefunga begi mwenyewe. Mama angepasua vyombo. Unamjua."

"Huyo wa kupasua vyombo ni wa zamani. Siku hizi hapasui."

"Usinitishe."

"Namwambia ukweli. Leo."

"Si ulisema hutasema kitu?"

"Nilichoka."

"Na leo umepumzika?" Hakusema kwa ukali. Uso wake ulikuwa umesinyaa, na grisi ya lifti ilikuwa bado shingoni. "Sikia, mke wangu. Mwambie. Halafu uache kazi, ukae naye kutwa. Mimi siwezi kuwa juu ya lifti ghorofani nawaza kama mama anaungua. Juzi nilikaza nati nikaisahau moja. Ningeua watu. Ukiweza kukaa naye, mwambie sasa hivi."

Nisipofanya kazi, watoto hawabaki bweni. Yeye asipofanya, hatuli. Mnaona nilivyobanwa? Mume wangu si katili. Ningekuwa nimeolewa na katili ingekuwa rahisi, ningemchukia nikapumzika.

Nilifika mpaka mlangoni kwa mama mkwe. Nikasimama. Alikuwa anaimba chinichini. Niliogopa, nikarudi jikoni. Siwezi kusema nilikosa nafasi. Nafasi nilikuwa nayo siku zote zilizobaki, nilimpikia, nilimkosha kichwa, nilimkata kucha. Kila nilipofungua mdomo nilimwuliza kama maji ni ya moto sana.

Kundini nako hawakunipumzisha. Walitaka sura ya kumi. Nesi alisema hapati usingizi mpaka ajue kama yule mama mzee atapandishwa gari. Fundi Saa aliahidi kumpiga makofi mwandishi akikutana naye njiani. Kisha Mwalimu akaandika ujumbe mfupi uliowashangaza wote:

"Msomaji wa wiki hii ni Bibi yetu. Ameomba mwenyewe. Kurasa amesema hazihitaji."

"Atasomaje?" Fundi Saa akauliza.

Mwalimu hakumjibu. Nikampigia simu, hakupokea. Mpaka leo sijui mama mkwe alimwambia nini.

Alhamisi ikafika kama siku nyingine yoyote. Mume wangu aliomba gari la kazini, lile lenye ngazi juu, akalisimamisha mbele ya mlango. Alikuwa amenyoa, amevaa shati nililompigia pasi mwenyewe. Nilikuwa nimelipiga pasi mpaka likawa kama karatasi, nikitafuta kitu cha kufanya na mikono.

Akabeba begi la mama yake, akalipeleka garini. Akarudi, akasimama mlangoni mwa chumba cha mama yake.

"Mama, twende. Daktari anasubiri."

Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu mguuni, mkoba mapajani. Hakuinuka. Akatoa simu.

"Subiri kidogo, baba. Nina kazi ya watu."

"Kazi gani tena?"

"Ya kundi. Wananisubiri."

Akapapasa simu, simu ikamsemea, akabonyeza. Vidole vyake ni laini, simu inavitii. Akaiinua karibu na mdomo, akakohoa kidogo kama afanyavyo mtu anayetaka kusoma mbele ya watu. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yetu. Ilikuwa pana, haina haraka.

"Sura ya kumi," akasema. "Mama mzee amekaa kitandani, ameshavaa viatu. Begi lake limetangulia garini. Ndani mna miwani ambayo mke wa mwanawe aliifuta vizuri sana. Mwanawe amesimama mlangoni. Mama anajua yuko pale kwa harufu ya grisi, haijawahi kumtoka hata akioga. Mke wa mwanawe yuko karibu na dirisha. Mama anajua yuko pale kwa sababu amesikia ameacha kupumua."

Mume wangu aliweka mkono ukutani.

"Mama," akaita, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Zamu yako bado, baba. Subiri." Akaendelea kusoma. "Mama mzee hana ugomvi na mtu. Hata safari haimtishi, maana nyumba ni ya watoto na watoto wamechoka. Ameifikiria safari hiyo vizuri. Kama ni ya operesheni, ataondoka akicheka. Kama ni safari nyingine, ataondoka vilevile. Mlango hatashika. Anachotaka ni kitu kimoja, aondoke akijua anakwenda wapi. Kwa hiyo akamgeukia mke wa mwanawe akamwuliza."

Akageuza uso upande wa dirisha, upande wangu, sawasawa kabisa, kama mwenye kuona.

"Simama hapa karibu," akaniambia. "Hii ni sehemu yako, usome wewe. Mama ameuliza: macho yangu yatarudi?"

Nilisogea. Sikumbuki nilivyotembea. Simu ilikuwa mkononi mwake, mstari mwekundu unacheza, na nyuma ya mstari ule walikuwepo Nesi, na Fundi Saa, na Mwalimu na kitabu chake, na wote walionihukumu, wanangoja kumsikia mke wa mfanyabiashara wa mbao.

Nikamtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya shati lile, na bado alinitikisia kichwa. Usiseme. Akaweka viganja pamoja, akaniomba bila sauti.

Mama mkwe akainyoosha simu mpaka ikanigusa kidevu.

Nikafungua mdomo.